Sola au kinu cha upepo: shamba lianze na kipi?

Muuzaji wa sola atakuuliza una taa ngapi. Mimi nitakuuliza mifugo inakunywa lita ngapi kwa siku na maji yako chini kiasi gani. Taa, simu na uzio wa umeme hula kidogo mno. Kinachomaliza umeme wa shamba mara nyingi ni pampu, ndiyo maana mpangilio huu unaanza na maji.

Ya kwanza: pampu ya sola isiyo na betri

Paneli, kidhibiti cha pampu, pampu na tangi lililoinuliwa, basi. Jua likiwaka maji yanapanda, usiku yanashuka yenyewe. Tangi ni akiba isiyochakaa kama betri, na likivuja unaliona.

Hesabu yake unaifanya mwenyewe. Kupandisha lita 1,000 kwa mita 1 kunahitaji takriban wati-saa 2.7. Ukitaka lita 10,000 kwa siku, na kutoka usawa wa maji hadi mdomo wa tangi (si mdomo wa kisima, hapo wengi hukosea) ni mita 40, unapata karibu uniti 1.1 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Pampu na mabomba hula nusu au zaidi njiani, kwa hiyo andika 2.5. Paneli ya wati 400, mahali panapopata jua la kutosha saa 5 kwa siku, hutoa kama uniti 1.5 ukishaondoa hasara ya joto, vumbi na nyaya. Kwenye karatasi mbili zinatosha. Nunua tatu au nne, maana siku ya mawingu ng'ombe hawapunguzi kiu. Hakikisha tu volti za paneli zikiunganishwa hazizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kidhibiti, na usichukue seti isiyojizima kisima kikikauka. Pampu ikizunguka bila maji huungua.

Ya pili: sola, inveta na betri

Inveta hugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa gridi. Njia hii ni ya nyumba, kipoza maziwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, yaani vitu visivyoweza kusubiri asubuhi. Pesa nyingi zitaishia kwenye betri, hivyo chagua hapo kwa makini kuliko kwenye paneli. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 inakubali kutumiwa asilimia 80 hadi 90 ya ujazo wake, na huvumilia maelfu ya mizunguko ya kuchaji. Ya asidi, hata ile iliyotengenezwa kwa sola, ukiishusha chini ya nusu kila siku unaifupishia maisha. Kwa hiyo betri ya asidi iliyoandikwa ujazo uleule ni ndogo kuliko inavyoonekana. Betri ya gari usiiguse. Imeundwa kutoa nguvu za ghafla za kuwashia injini, si kushushwa usiku kucha.

Inveta nayo isipimwe kwa wati za kawaida za mota. Mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara 3 hadi 7 ya kawaida, na mashine ya kukata majani inaweza kuzima inveta iliyoonekana kubwa dukani. Kazi nzito zifanye mchana, paneli zikiwa zinazalisha.

Ya tatu: sola pamoja na kinu cha upepo

Mchanganyiko huu una maana pale upepo unapovuma usiku au msimu wa mawingu, wakati paneli zimelala. Usinunue kinu kabla ya kupima upepo. Weka kipima upepo kwenye urefu ule ambao mapanga yatakuwa, kwa miezi kadhaa na ikiwezekana mwaka mzima. Wastani ukiwa chini ya mita 4.5 au 5 kwa sekunde, ongeza paneli.

Usikichomeke kinu kwenye kontrola ya sola, yaani kidhibiti kinachosimamia kuchaji betri. Paneli unaweza kuzikata betri zikijaa na hakuna kinachoharibika, lakini kinu kikiondolewa mzigo huku upepo ukivuma hukimbia bila breki. Kinahitaji kontrola yake, yenye kipinga cha kumwagia umeme wa ziada uwe joto.

Ya nne: kinu peke yake

Hapa ndipo watu hupigwa. Nguvu ya upepo hukua kwa kasi zidisha kasi zidisha kasi: upepo ukipungua kwa nusu, nguvu hubaki moja ya nane. Lebo huandikwa kwa upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde, ambao shamba lako huenda linauona siku chache tu. Kwa hiyo usisome wati, pima kipenyo cha mapanga. Kinu cha mita 1.2 kwenye upepo wa mita 5 hutoa kama wati 25, taa chache tu. Nacho kikiandikwa wati 1,000 kwa upepo wa mita 12, lebo inadanganya. Upepo wote unaopita kwenye duara hilo una takriban wati 1,200, na kwa kanuni ya Betz hakuna kinu kinachoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3, yaani wati 700 hivi. Cha mita 3 ndicho cha kuanza kukifikiria: kwenye upepo huo wa mita 5 kinakaribia wati 160.

Kinu cha zamani cha mapanga mengi kinachovuta maji moja kwa moja ni kitu kingine. Huanza kuzunguka kwa upepo mdogo, na kama kipo na mlingoti ni mzima, kikarabati kabla ya kununua chochote.

Ya mwisho: kinu cha kufunga juu ya paa

Hapana. Upepo hapo umevurugwa na nyumba yenyewe, na mtikisiko utausikia kitandani. Mapanga yanatakiwa yawe angalau mita 9 juu ya mti au jengo lolote lililo ndani ya mita 150, kwa hiyo bei ya mlingoti, nyaya na zege iulize siku ileile unayouliza bei ya kinu. Uliza pia kama mlingoti unalazwa chini kwa kapi, la sivyo kila beringi ikilia atafutwe mtu wa kupanda.