Spika za masikio: pima unene wa mdomo kabla ya kuulizia besi

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu spika za masikio, zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio, yanafanana hata pale ambapo spika zenyewe hazifanani. Mmoja aliagiza spika iliyosifiwa kila mahali kwa ulinganifu wa sauti, ikamfikia hapa Lamu ikiwa mpya kabisa, na alipoivaa hakusikia besi hata chembe. Mwingine huvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kila asubuhi, naye asema spika ya kulia hutulia lakini ya kushoto huchomoka kila boti inapopanda wimbi. Wa tatu ni dada wa Langoni ambaye huvaa spika chini ya ushungi, na haipiti nusu saa kabla ya sikio kuanza kumuuma. Wote wameniuliza wanunue chapa gani nyingine yenye sauti bora zaidi. Nawajibu kwa pamoja, kwa sababu tatizo lao ni moja: unene wa mdomo wa spika, yaani ule mrija mfupi unaovishwa kipira na kusukumwa sikioni. Wauzaji hawautaji, na wakaguzi wengi huupitia kwa sentensi moja kisha wakarudi kwenye habari za besi.

Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 2.5 na upana wa takriban milimita 7. Haikunyooka, ina mapindi mawili, wala si duara kamili, na kwa wanawake kwa kawaida huwa nyembamba zaidi. Sasa chukua spika yenye mdomo wa milimita 6, uuvishe kipira cha silikoni, kisha ujaribu kuingiza vyote viwili mahali hapo. Kinachobaki ni nusu milimita kila upande, na kipira hakina pa kukunjika. Spika ya namna hiyo hukaa mlangoni mwa sikio kama kizibo kilicholazwa juu ya chupa bila kushindiliwa, na mwenye kuivaa hudhani ameivaa.

Madhara yake ni mawili, na yote mawili husingiziwa sauti ya spika. La kwanza ni kupotea kwa besi. Spika ndogo kiasi hiki hutoa sauti nzito kwa kusukuma hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio, na hewa hiyo ikipata upenyo, hata mwembamba kama unywele, sauti nzito ndiyo inayovuja kwanza. La pili halitajwi sana, nalo ndilo linalonikera zaidi. Hewa iliyomo katika njia ya sikio ina mvumo wake, na mvumo huo hubadilika kwa kadiri spika ilivyoingia ndani. Vipimo vingi vya spika hizi hufanywa ikiwa imeingizwa kiasi ambacho kilele cha mvumo huo huangukia karibu na hezi 8,000, yaani mitetemo 8,000 kwa sekunde. Spika inayobaki mlangoni hukishusha kilele hicho chini zaidi, hadi pale zinapokaa sauti za s na sh. Ndipo mtu anaposikiliza kasida, kishindo cha matari kikawa kikavu, na kila «salaamun» ya msomaji ikamkwaruza sikio. Spika ile ile, katika sikio ambalo imezama vizuri, haina kasoro hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuihukumu sauti, hakikisha kwanza kwamba sikio limezibwa. Usicheze chochote. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, livute sikio kwa juu na nyuma ili njia inyooke kidogo, sukuma spika ndani kwa kuizungusha taratibu, kisha liachie sikio lirudi mahali pake. Sugua vidole viwili karibu na sikio. Ukiusikia msuguo kwa uwazi, kipira hakijaziba. Halafu cheza taarabu yenye udi, usikilize uzi mzito wa chini, na huku ukisikiliza uibonyeze spika kidogo kwa ncha ya kidole. Besi ikiongezeka ghafla, ujue ilikuwa ikivuja. Isipobadilika, umefika. Mwisho tafuna, au soma kwa sauti kurasa mbili tatu, kwa kuwa njia ya sikio hubadilika umbo taya linaposogea, na ziko spika zinazokaa vyema kwa mtu aliyenyamaza tu. Fanya hivyo kwa kila sikio peke yake. Watu wengi wana sikio moja pana kuliko jingine, na hakuna aibu yoyote kuvaa kipira kidogo kulia na cha kati kushoto.

Hili lina uzito kuliko raha ya kusikiliza. Ndani ya boti yenye mashine iliyo wazi, mtu ambaye masikio yake hayakuzibwa hupandisha sauti ili kuishinda mashine, na hujikuta anasikiliza kwa nguvu ambayo nyumbani asingeivumilia. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa muda huo huo kwa mtoto. Kila desibeli inayozuiwa na kipira ni desibeli ambayo hukuilipia kwa kupandisha sauti.

Kwa wenzangu tunaojifunika kuna mambo mengine mawili. Gamba la spika likiwa nene na likachomoza nje ya sikio, ushungi hulisukuma ndani mchana kutwa, na hilo huyazidisha maumivu ya yule dada. Waya nao ukishuka moja kwa moja kutoka sikioni hupanguswa na kitambaa, na kila unapogeuza shingo unasikia mkwaruzo mkubwa kuliko muziki. Waya unaopitishwa juu na nyuma ya sikio karibu unalimaliza tatizo hilo. Spika zisizo na waya sizigusi hapa, kwa sababu magamba yake ni manene kwa lazima, yanabeba betri.

Baada ya kusema hayo, naweza kuzipanga, na sifichi kwamba ninaipendelea Etymotic. Kampuni hii ilianzishwa Illinois, Marekani, mwaka 1983 na Mead Killion, mtaalamu wa usikivu, na spika zake zimetumika kwa miaka mingi katika kupima masikio ya wagonjwa. ER-4, spika iliyowapa jina miongoni mwa wasikilizaji wa muziki, ilitoka mwaka 1991. Hawa walianza na sikio kwanza, kisha wakatafuta spika ya kuliingia, na mpaka leo midomo yao ni myembamba kuliko karibu zote zilizoko sokoni. Ninayoipendekeza ni ER2XR, yenye besi zaidi ya ndugu yake ER2SE. Huvaliwa na kipira cha ngazi tatu kinachozama ndani kuliko kawaida, na ikishazama, dunia hunyamaza. Kampuni yenyewe hutaja upungufu wa kelele wa desibeli 35 hadi 42. Udi husikika ukiwa na mbao zake, si nyuzi peke yake, na fidla haichomi. Gamba lake ni dogo kiasi kwamba ushungi haulifikii, waya wake hutoka na kubadilishwa, na kichujio kilichoko mdomoni hung'olewa kwa kifaa kinachokuja ndani ya boksi na kutiwa kingine. Kwa mji kama wetu hilo la mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu jasho na unyevu wa bahari vikichanganyika na nta ya sikio huziba kichujio, upande mmoja ukafifia, na watu wakaitupa spika nzima wakidhani imekufa. Ina kero mbili za kweli. Siku za mwanzo mtu huhisi amevamiwa masikioni, na wapo wasioizoea kabisa. Tena waya wake hunguruma ukiguswa, kwa hiyo upitishe juu ya sikio na ukitumie kile kibanio cha nguo wanachokupa.

Ya pili ni Shure SE215. Mdomo wake una kama milimita 3, waya wake umetengenezwa kupita juu ya sikio na hutoka, na gamba lake hulala bapa ndani ya sikio. Sauti yake ni ya joto, besi imejaa, na sauti za juu zimefunikwa kidogo. Msikilizaji wa kasida ataipenda kuliko msikilizaji wa fidla. Kwa miaka mingi bei yake huko Marekani ilikuwa dola 99. Vipira vyake vyeusi vya sponji huziba vizuri sana, ila sponji katika hewa yetu hunyonya jasho na kuchakaa mapema, na kwa wembamba wa mdomo wake si kila kipira cha dukani kitaukaa. Agiza vipira vya akiba pamoja na spika, katika mzigo mmoja.

Ya tatu ni Final E3000 ya Japani, ndogo, ya mwili wa chuma kisichoshika kutu, yenye spika ya ndani, yaani kile kisahani kinachotetema na kutoa sauti, ya milimita 6.4 tu. Wanaodhani kwamba spika ya ndani ya milimita 10 ni bora kwa ukubwa wake waisikilize hii. Inakuja na vipira vya saizi tano, na vipira hivyo ni vizuri mno. Waya wake hautoki, ukikatika umekatika, na nyuma ina matundu ya hewa yanayopitisha kelele, kwa hiyo ni spika ya barazani na chumbani, si ya botini.

Truthear Zero:RED ya mwaka 2023 naiweka nyuma ya hizo zote, ingawa najua wengi wangeitanguliza. Ilipangwa sauti kwa ushirikiano na Crinacle, mkaguzi wa Singapore, ina spika mbili za ndani katika kila upande, na ulinganifu wa sauti yake kwa bei ile ni wa kusifiwa. Lakini mdomo wake umepita milimita 6. Mwenye njia pana ya sikio ainunue bila wasiwasi, atastarehe. Mwenye njia nyembamba atalipia ulinganifu ambao hatausikia, kwa sababu nusu yake itamwagikia nje.

Katika za bei nafuu, Moondrop Chu II yatosha kutajwa: gamba dogo, waya unaotoka, na mdomo unaofunguliwa kwa kuzungushwa ili kichujio kibadilishwe. 7Hz Zero:2 nayo ni nzuri kwa besi. Zile za chapa ya KZ zinazouzwa kila kona hutofautiana mno, na magamba yake mengi ni makubwa kwa ushungi.

Nina la kusema na wauzaji, wa dukani na wa mtandaoni. Muuzaji huandika kwa herufi kubwa kipenyo cha spika ya ndani, ambacho mnunuzi hakihitaji, na unene wa mdomo hautaji, ukimuuliza akujibu kwamba inamwingia kila mtu. Hawaruhusu kujaribu, na hilo nalikubali kwa ajili ya usafi, lakini basi waweke vipira vya saizi zote na waviache ndani ya boksi. Nimeonyeshwa maboksi ambamo vipira vidogo na vikubwa vimetolewa na kuuzwa kando, amebakishiwa mteja jozi ya kati peke yake. Nimeona pia boksi la chapa maarufu ambalo mihuri yake ilikuwa sahihi na spika ndani ilikuwa ya bandia, mdomo mnene, wavu umebandikwa upande. Nasi wa Lamu tunaumia maradufu: mzigo hulipiwa nauli ya basi hadi Mokowe, kisha boti, na mteja akilalamika huambiwa kwamba boksi likishafunguliwa halirudi, kana kwamba ipo njia ya kujua spika haikufai pasipo kulifungua. Muulize muuzaji unene wa mdomo kwa milimita kabla ya kutuma pesa, na umtake aandike. Asiyejua na apime. Kalipa, yaani kipimo cha unene, ya sonara yeyote wa Usita wa Mui itamaliza kazi hiyo kwa dakika moja.

Na aliye na spika tayari nyumbani, na anayoona haina besi, asinunue nyingine kwanza. Anunue vipira vya saizi ndogo zaidi kuliko anavyovaa, na vya saizi kubwa zaidi, aanze na vile vidogo, kwa kuwa watu wengi huvaa vikubwa mno, na kipira kikubwa katika njia nyembamba hukunjika upande mmoja kikaacha upenyo. Vile vya Final huuzwa peke yake, na hukaa katika midomo ya unene wa wastani bila kuteleza hata kwa jasho la kaskazi.