TAHADHARI: Anauza "seti za kupandisha ampea" za oltaneta, ndani ni mabovu yaliyopakwa rangi

Wakuu, habari za kazi. Naandika hasa kwa nyinyi mnaofungua oltaneta (mashine inayozalisha umeme wa gari na kuchaji betri) wenyewe nyumbani, na kwa madereva wa utalii wa huku Arusha ambao siku hizi gari moja linabeba friji, soketi za kuchajia kamera za wageni na taa za ziada mbele. Kuna mtu anatumia shida hiyo ya umeme kuwaibia watu. Hasara haiishii kwenye hela tu: betri inakufa, nyaya zinaungua, na kwa baadhi ya magari hata breki zinaguswa.

Jina simtaji, ila mtindo wake mtautambua. Anatangaza mtandaoni kwamba yuko Dar kwenye maduka ya spea. Picha zake ni maboksi mapya yaliyopangwa vizuri kwenye shelfu. Seti yake ina regyuleta (kidhibiti cha volti), sahani ya daiodi (zinazogeuza umeme wa oltaneta uweze kuchaji betri), kaboni (zinazopeleka umeme kwenye rota, ile sehemu inayozunguka ndani) na beringi mbili, na ukiongeza hela anakupa koili (waya wa shaba uliosukwa ambamo umeme unazalishwa) iliyosukwa upya yenye stika ya 130A, yaani ampea 130, kiasi cha umeme inachodaiwa kutoa. Unalipa yote kwanza kwa simu, mzigo unakuja na basi. Halafu anakushawishi umtumie oltaneta yako ya zamani mbadilishane, akupunguzie bei.

Jirani yangu aliagiza seti nzima akaniletea nimfungie. Kabla sijaigusa gari niliimwaga mezani nikaanza kukagua.

Koili ilikuwa inang'aa nyekundu kama imetoka kiwandani jana. Nikaikwangua kwa kucha, rangi ikabanduka vipande vipande, na chini yake waya ni mweusi tii, unanuka moto. Waya mzuri wa shaba una rangi moja ya kahawia-dhahabu mwanzo hadi mwisho, na vanishi yake haibanduki kwa kucha. Hii haikusukwa na mtu yeyote. Ni koili iliyoungua ikapuliziwa rangi, na hata vumbi la zamani lilikuwa limegandishwa ndani ya rangi hiyo. Beringi nazo zilioshwa kwa petroli zikajazwa grisi mpya: ukiizungusha karibu na sikio unasikia mchanga.

Regyuleta ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Niliijaribu kwenye oltaneta ya mazoezi. Kila nilivyoongeza mwendo volti zikapanda nazo, mpaka mita ikapita 16. Regyuleta nzima inatakiwa ishikilie kwenye volti 13.8 hadi 14.5 hivi, ukanyage mafuta usikanyage. Kwenye 16 betri inachemka maji yake, taa zinakatika, na kompyuta ya gari iko hatarini.

Sasa sikilizeni uongo wenyewe, maana ndio unaowanasa hata mafundi. Anasema regyuleta yake "inaongeza ampea". Video yake ya ushahidi inaonyesha mita ikisoma volti 14.8, halafu anashangilia kwamba oltaneta imepanda kutoka ampea 80 hadi 130. Volti si ampea! Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wake. Regyuleta kazi yake ni kudhibiti volti, basi. Uwezo wa ampea unatokana na koili, unene wa waya wake, ukubwa wa rota na uwezo wa daiodi. Anayetaka kuthibitisha ampea atumie mita ya kubana waya mnene unaotoka oltaneta kwenda betri, huku taa kubwa, AC na mizigo mingine yote imewashwa. Mtu anayekuonyesha volti peke yake hajakuonyesha kitu.

Daiodi nazo zina hesabu rahisi. Kila daiodi inabeba wastani wa theluthi moja ya mzigo wote wa umeme. Oltaneta ya ampea 130 ina maana ampea kama 43 kwa kila daiodi. Sahani aliyomtumia jirani yangu ilikuwa na daiodi za ampea 35, zinazotosha oltaneta ya ampea 80 na zaidi kidogo. Hata kama koili ingekuwa ya kweli, zile zingeungua tu.

Muuzaji anayejua kazi atakuuliza maswali kabla ya kupokea hela yako: mkanda wako una hali gani, puli ni saizi gani, waya wa kwenda betri ni mnene kiasi gani, fyuzi kuu ni ya ampea ngapi. Ukipandisha hadi 130 ukaacha waya wa kiwandani uliokuwa wa 80, waya ndio utakaopata moto. Mimi kwa mzigo huo sishuki chini ya milimita 25 za mraba, na fyuzi nabadilisha pamoja nao. Huyu bwana hakumuuliza jirani yangu hata aina ya injini.

Na injini ni jambo kubwa. Dizeli nyingi za zamani, zikiwemo Land Cruiser nyingi zinazopanda mbugani, zina pampu ya vakyumu ya breki (inayofanya pedali ya breki iwe nyepesi kukanyaga) imefungwa mgongoni mwa oltaneta. Ukiletewa oltaneta ya kubadilishana ambayo pampu yake imechoka, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na wewe unateremka Ngorongoro na wageni saba nyuma. Pampu ikaguliwe kabla ya kufunga.

Kuhusu kubadilishana: msitume oltaneta yenu orijino. Dereva mmoja ninayemfahamu alituma yake, ganda likarudi lile lile, ila rota haikuwa yake. Pete zake za shaba, zile zinazoguswa na kaboni, zilipigwa msasa zikang'aa, lakini ukipitisha kucha inatumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na kaboni. Kama ni lazima itoke mikononi mwako, igonge alama ndogo ya siri kwenye rota na kwenye koili, upige picha. Ikirudi, pima rota kwa mita kati ya pete mbili: nyingi za volti 12 zinasoma omu 2 hadi 4. Kati ya pete na chuma cha rota mita isisome chochote.

Jirani yangu alipodai hela, aliambiwa fundi wake ndiye aliyeunguza. Nilipomtumia muuzaji picha za rangi iliyobanduka, alituzuia (block) wote wawili kwenye simu yake.

Waliokwisha lipa, msitupe boksi wala stika, na msifute ujumbe wa muamala. Pelekeni polisi pamoja na picha. Namba ya simu ya tapeli iripotini kwa ujumbe kwenda 15040. Kama boksi lina jina la kampuni inayojulikana na mna shaka ni bandia, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye mamlaka juu ya bidhaa bandia.

Hivi sasa amefungua ukurasa wenye jina jingine, na bei ameshusha. Picha za shelfu ni zile zile, na boksi la tatu kutoka kushoto bado limechanika kona.