Picha ya kabuki ya 1852 niliyonunua Tokyo, uzoefu wangu

Nimenunua picha ya kabuki, yaani tamthilia ya jadi ya Kijapani, ya chapa ya mbao, orijino, kazi ya mchoraji Kunisada ya mwaka 1852, toka duka moja la vitabu vya zamani mtaa wa Jimbocho hapa Tokyo, na bei yake haikufika hata nusu ya kodi ya chumba changu. Nianze na hilo maana watu wakisikia picha za kale za Kijapani wanawaza minada na mamilioni. Ni kweli ukitaka picha ya mchoraji Sharaku ya 1794 sahau kabisa, yule kafanya kazi kama miezi kumi tu kisha akapotea na leo makumbusho ndo yanamgombania, ila Kunisada alichora zaidi ya miaka hamsini, picha maelfu kwa maelfu, na kila moja ilichapwa kwa wingi ili mtu wa kawaida wa Edo (Tokyo ya zamani) ainunue bila kujiuliza mara mbili. Zilikuwa kama zile posta za mastaa kwenye saluni zetu za kiume, basi.

Yangu inatoka kwenye ule mfululizo wa vituo vya Tokaido, barabara ya kale ya Edo hadi Kyoto, kila kituo kimepewa mwigizaji mmoja mbele na nyuma yake mandhari, na hizo mandhari Kunisada kazitoa kwa Hiroshige, mchoraji wa mandhari, bila hata aibu. Ni mwanamke, nusu mwili, kimono cha bluu nzito, uso mwembamba. Sasa angalia pale juu ya paji, kuna kakitambaa ka zambarau. Hapo jua huyo ni mwanaume!! Wanawake walikatazwa kupanda jukwaani tangu 1629 kwa hiyo nafasi za kike zote wakacheza wanaume, na kwa vile ilibidi wanyoe mbele ya kichwa, kile kitambaa kilikuwa cha kuficha upara.

Kilichonipa raha kuliko vyote ni kwamba jina la mwigizaji halijaandikwa. Mwaka 1842 serikali ya shogun (mtawala wa kijeshi) ilipiga marufuku picha za waigizaji, eti anasa, na hata zilivyoanza kurudi polepole baada ya miaka kadhaa wachapishaji waliendelea kuandika jina la mhusika wa mchezo tu, la mwigizaji wanaliacha. Mteja wa Edo wala hakuhangaika, pua ile na mdomo ule alishavijua. Mimi nsiyemjua mtu ikabidi niingie kwenye kanzidata ya makumbusho ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Waseda, ni bure, nikatafuta kituo na mhusika mpaka nikaipata picha ileile: Iwai Kumesaburo III, wa ukoo wa Iwai waliosifika kwa nafasi za kike. (Makumbusho yenyewe nendeni, kiingilio hakuna.) Mwaka nao haukuwa na shida, kuna mihuri mitatu midogo, miwili ya wakaguzi wa serikali na wa tatu una alama ya Panya, mnyama wa mwaka kwenye kalenda yao ya kale, pamoja na mwezi, na Panya kwa kipindi hicho ndo 1852.

Kuhusu ubora, aisee. Nywele za kwenye paji zimechongwa moja moja kwenye ubao wa mcheri, nyembamba hadi unajiuliza yule fundi alikuwa na macho gani. Karatasi ni laini ila ngumu kuchanika, ukiigeuza unakuta rangi zimepenya mpaka nyuma na mikwaruzo ya kile kisahani cha kusugulia bado inaonekana. Ukikuta nyuma nyeupe pee na kwa lenzi unaona vidotidoti, hiyo ni ya mashine, rudisha.

Kilichonikera ni maelezo ya muuzaji. Kaandika hali nzuri, kumbe kingo zimekatwa na upande mmoja kuna vitundu vya uzi wa albamu, sasa hivyo ni vitu vya kumwambia mtu kabla hajalipa. Halafu fremu yenye kioo cha kuzuia mionzi ya jua imenigharimu kuliko picha, na huwezi kukwepa maana rangi hizi za mimea zinafifia, nyekundu hasa, kwa hiyo ukutani iweke mbali na dirisha.

Picha naipa nyota nne. Inayofuata nataka ya Kunichika, mwanafunzi wa Kunisada, zile za karatasi tatu zinazoungana kuwa picha moja, ambazo mwigizaji Danjuro IX peke yake kazijaza zote, na nyekundu kali za enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) ambazo wajuaji wanasema ni kelele, mi naona ndo kabuki yenyewe. Ila ukizifuata hizo hakikisha karatasi zote tatu ni za seti moja, kuna maduka yanauza mojamoja unajikuta umelipia mkono na upanga, uso uko kwa mtu mwingine.