Alfa Romeo 8C 2900B Speciale Tipo Le Mans: niliyoyaona Arese

Kama unapenda magari na safari imekufikisha Milano, tenga nusu siku uende Arese, kwenye makumbusho ya magari ya Alfa Romeo, Museo Storico Alfa Romeo. Magari yamejaa humo, lakini mimi kiingilio nilikilipa kwa ajili ya moja: 8C 2900B Speciale Tipo Le Mans ya mwaka 1938. Lilitengenezwa moja tu duniani, na ndilo hilo.

Picha hazilitendei haki. Simama ubavuni uinamie kidogo, usawa wa mlango, ndipo utaona paa linavyoshuka polepole mpaka mkiani bila kukatika popote. Bodi ni kazi ya Touring, mafundi wa bodi za magari wa Milano, kwa mfumo wao wa Superleggera, yaani "nyepesi sana": kwanza fremu ya mabomba membamba ya chuma, kisha inavishwa bati la alumini. Uzito ulipunguzwa, upepo ukapewa njia, na uzuri ukatokea humo humo. Usukani uko kulia, kama tulivyozoea huku kwetu.

Ila kilichonipeleka hasa ni ufundi wa ndani. Injini, ambayo asili yake ni mhandisi Vittorio Jano, ina silinda 8 kwenye mstari mmoja, zilizogawanywa bloku mbili za nne nne. Katikati ya bloku hizo zimepita gia zinazozungusha kemshafti mbili za juu, zile zinazofungua valvu. Ujazo ni sentimita za ujazo 2,905, na supachaja mbili zinashindilia hewa ndani ya injini. Magari ya barabarani ya 2900B yalitoa nguvu za farasi 180. Hili la mashindano lilifika 220. Giaboksi haikukaa mbele na injini, imeunganishwa na difu, gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, huko nyuma ili uzito ugawanyike vizuri. Na kila gurudumu linapanda na kushuka bila kulitegemea jingine. Mwaka 1938, jamani! Nikiri tu kwamba ekseli zile za nyuma za kubembea hulaza tairi gari likikata kona kwa kasi, kwa hiyo dereva alihitaji mkono mzuri.

Madereva Raymond Sommer na Clemente Biondetti waliliendesha Le Mans, mashindano ya saa 24 huko Ufaransa, mwaka huo wa 1938, wakawaacha wenzao mizunguko mingi nyuma. Tairi likapasuka, Sommer akalimudu gari. Baadaye valvu ikaharibika, safari ikaishia hapo, ushindi ukaenda kwa gari la Kifaransa, Delahaye. Mpaka leo naumia nikiisoma habari hiyo.

Usiondoke kabla ya kuliona na 8C 2900B Lungo, ndugu yake wa barabarani. Wengi hulipenda zaidi kwa boneti lake refu na umaridadi wake, na siwalaumu. Mimi nikiambiwa nichague, nachukua la Le Mans, maana kila mkunjo wa bati lake una kazi.