Dawati la familia kwenye wodi ya saratani ya watoto: tathmini ya baba baada ya miaka miwili na zaidi

Namwandikia mzazi aliyeambiwa wiki hii kwamba mwanawe ana lukemia, yaani saratani ya damu, na ambaye katikati ya makaratasi aliyokabidhiwa ipo moja inayosema kuna huduma ya kusaidia familia. Ile yangu niliikunja nikaitia mfukoni, ikakaa humo siku tisa. Nilidhani ni huduma ya walioshindwa, na mimi nilitaka kuonekana nimesimama. Siku tisa hizo nazijutia mpaka leo, kwa sababu mke wangu alizipitia peke yake ingawa tulikuwa chumba kimoja.

Binti yetu alikuwa na miaka minne. Alianza kulalamika miguu usiku, tukasema anakua. Kisha akapauka, akatokwa na madoa ya kuvilia damu mapajani bila kuanguka popote, na homa ikawa inakuja na kuondoka. Damu ikapimwa, halafu uboho, na jina likatajwa: lukemia kali ya aina ya limfoblasti, ambayo madaktari huiita ALL. Ndiyo saratani inayowapata watoto wengi kuliko nyingine zote, na wengi wao huwa na umri wa kati ya miaka miwili na mitano. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilisikia neno moja tu, na lililofuata nililiona kwenye midomo ya daktari bila kulisikia.

Dawati lenyewe ni chumba kidogo mwisho wa korido ya wodi. Pana nesi mratibu, mshauri nasaha, na dada mmoja anayewaandaa watoto kwa vipimo na sindano kwa njia ya michezo.

Nilipoingia siku ya kumi, nesi hakunipa pole. Alisema, "Baba, keti kwanza. Niambie ulichoelewa mpaka sasa." Nikamwambia nimeelewa damu ya mtoto imeharibika na hatujui tulikosea wapi. Akachukua karatasi tupu. Akanieleza kwamba uboho ndio unaotengeneza chembe za damu. Kwamba chembe changa moja imeharibika, ikazaa nyingine zisizokomaa, zikajaa mpaka zenye afya zikakosa nafasi. Chembe nyekundu zikipungua, mtoto hupauka na kuchoka. Zile za kugandisha damu zikipungua, huvilia ovyo. Chembe nyeupe zenye kazi zikipungua, homa haziishi. Mambo matatu ambayo tulikuwa tumeyahangaikia kwa majuma kama magonjwa matatu, aliyaweka kwenye mstari mmoja.

Kisha akasema, bila mimi kuuliza, kwamba hakuna tulichokula, tulichofanya wala tulichoacha kufanya kilichomletea mtoto ugonjwa huu, kwamba hauambukizi, na kwamba kwa kawaida haurithiwi. Aliyasema mara mbili. Halafu akaniomba niende nikamwambie mke wangu kwa maneno yangu mwenyewe, kabla ya yeye kumwambia. Nilikwenda. Kumbe mke wangu alikuwa amelala macho siku zote tisa akiihesabu mimba ile mwezi kwa mwezi, akitafuta kosa lake.

Kama huduma hii ingekuwa na hilo peke yake, ningeisifu. Lakini kitu ninachotaka kila mzazi akiombe ni daftari lao, na ndani ya daftari, ukurasa wa homa.

Daftari lina kalenda ya matibabu. Kuna awamu ya kwanza ya majuma manne hivi, ya kujaribu kuufagia ugonjwa usionekane tena. Zinafuata awamu nzito za miezi kadhaa, na baada ya hapo kipindi kirefu cha dawa za nyumbani, merkaptopurini kila siku na methotreksati mara moja kwa wiki. Yote pamoja ni miaka miwili hadi mitatu. Mwanzoni idadi hiyo ilinikata miguu. Nilipoiona imegawanywa kwa kurasa, nikaweza kusema leo tuko ukurasa wa sita, na ukurasa wa sita nitauweza.

Ukurasa wa homa umeandikwa kwa herufi kubwa. Unataja kiwango cha joto ambacho daktari wa mtoto amekipanga, na unasema mambo manne: pima kwapani au sikioni, usiingize kitu chochote njia ya haja kubwa, usimpe kwanza dawa ya kushusha homa, maana itaificha, usingoje kupambazuke, ondoka sasa. Mtoto aliye kwenye kemo, yaani dawa za kuua saratani, akiwa na chembe nyeupe chache anaweza kuzidiwa na maambukizi kwa muda wa saa chache tu, na anahitaji antibiotiki ya mshipani mapema iwezekanavyo. Nesi hakutusomea tu, alitufanyisha mazoezi. Mkoba uko wapi? Nani atabaki na kaka yake? Mtasema nini mlangoni? Akatuandikia kadi yenye sentensi moja: "Mtoto huyu ana lukemia, yuko kwenye kemo, na ana homa."

Miezi mitatu baadaye, saa nane usiku, kipimajoto kikaonyesha 38.6. Mke wangu alikuwa ameshika mkoba kabla sijamaliza kuvaa. Mapokezi tuliambiwa tukae foleni. Sikubishana, niliiweka kadi mezani, na aliyekuwa zamu alipoisoma aliinuka. Mtoto alilazwa siku kumi, akatoka akitembea. Ile kadi bado ninayo, imechakaa pembe zote.

Sasa dada wa michezo. Sisi tulikuwa tumemdanganya mtoto. Kila sindano tulimwambia haiumi, mpaka akaacha kutuamini hata tukimwambia tunakwenda kuoga. Dada alileta mwanasesere na dripu ndogo na bomba la sindano lisilo na ncha, akamwacha mtoto amtibu. Alipouliza, "Na mimi itauma?", dada akajibu, "Pale penye ganzi utasikia mchomo. Tutahesabu mpaka tano, kisha utakuwa umekwisha." Siku ya sindano ya uti wa mgongo binti yangu alihesabu kwa sauti, akafika nne, akasema, "Umekwisha kabla." Tangu siku hiyo tulifuata kanuni hiyo nyumbani: kinachouma kinaitwa kinachouma. Alilia mara nyingi baadaye, lakini hakuwahi tena kujificha chini ya kitanda.

Walitutahadharisha pia juu ya majuma ya dawa iitwayo deksamethasoni, na hilo liliokoa nyumba yetu. Mtoto mpole alikuwa akiamka usiku wa manane na njaa isiyoshibika, akitukana, akitupa vitu, uso umevimba. Kwa kuwa tuliambiwa kabla, tuliweza kuambiana, "Hii ni dawa inasema." Mzazi asiyeambiwa anaweza kumwadhibu mtoto kwa hilo, na nimemwona mmoja wodini akifanya hivyo, kisha akalia kuliko mwanawe.

Mshauri nasaha nilimhitaji mwezi wa nne wa matibabu. Jamaa zetu walikuwa wametukalia kikao kutaka tuache hospitali twende kwenye mitishamba. Nilifika dawatini nikiwa nimeshaanza kuyumba. Hakunikaripia. Aliniambia dawa ya vinkristini anayochomwa binti yangu imetoka kwenye mmea wenye maua ya waridi unaotoka Madagaska, kwa hiyo hakuna anayedharau mimea. Tofauti ni kwamba hii imechujwa, imepimwa kwa miligramu, na inajulikana inaingia siku gani na pamoja na nini. Akaniambia kwamba mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alipotangaza kwamba dawa imewapa watoto wenye lukemia nafuu, nafuu hiyo ilikuwa ya muda tu, ikafuatiwa na kurudi kwa ugonjwa. Dawa moja haikutosha. Ilichukua miaka mingi kujifunza kuzichanganya na kuzipanga kwa awamu, na leo, pale penye vifaa na dawa zote, watoto tisa hivi kati ya kumi wenye ALL wanaishi miaka mitano na zaidi. Anayeacha katikati kwa sababu mtoto amenawiri, huuachia ugonjwa uliojificha nafasi ya kurudi ukiwa mgumu zaidi. Aliniomba pia chochote cha mitishamba kipitie kwa mfamasia kwanza, kwa kuwa baadhi hugombana na methotreksati. Nilirudi kwenye kile kikao nikiwa na la kusema.

Yeye ndiye aliyetufundisha pia jinsi ya kupokea msaada. Watu husema "tuko pamoja" na hawajui waanzie wapi. Tukatengeneza orodha ya kazi: nani atamchukua kaka shuleni, nani atafua, nani atatoa damu. Kwenye kutoa damu alisisitiza, kwa sababu zile chembe za kugandisha hazihifadhiki, siku tano mpaka saba tu, kwa hiyo wanahitajika watu wa kupokezana, si umati wa siku moja.

Mapungufu nayaandika kwa sababu naipenda huduma hii na nataka iwe bora.

La kwanza, inafungwa jioni. Mzazi anayefanya kazi mchana hukuta mlango umefungwa, na kwa sehemu kubwa tulikuwa akina baba. Mazungumzo mengi yalielekezwa kwa mama. Hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi mpaka mshauri wa zamu aliponikuta kwenye ngazi.

La pili linaniuma zaidi. Kwa miezi saba hakuna aliyemtaja kaka yake. Mwanangu alikuwa na miaka tisa, anapitishwa kwa ndugu huyu na yule, alama zake shuleni zinashuka. Siku moja akauliza kama dadake aliumwa kwa sababu alimsukuma akaanguka. Alikuwa amelibeba hilo nusu mwaka. Mshauri alipokutana naye hatimaye, alimweleza kama nilivyoelezwa mimi, kwa karatasi na kalamu, kisha akampa kazi ya kuweka alama kwenye kalenda ya dawa kila jioni. Hakukosa hata siku moja. Kazi hiyo angeweza kupewa wiki ya kwanza.

La tatu ni mwisho. Siku ya kidonge cha mwisho walitupigia makofi, tukapiga picha. Wiki iliyofuata nilikwenda dawatini nikaambiwa faili letu limehamishiwa kliniki. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Wakati wa dawa kulikuwa na kitu tunakifanya. Sasa hakuna dawa, kuna kungoja tu, na kila doa kwenye goti la mtoto anayecheza ni usiku mmoja bila usingizi. Mke wangu alimkagua mgongo kila asubuhi kwa miezi. Wazazi wenzetu tuliokuwa wodini pamoja ndio waliotushika mkono, kwa simu, bila ratiba. Niliandika barua kuomba dawati liendelee na familia angalau mwaka wa kwanza baada ya dawa. Nilijibiwa kwa adabu kwamba wamelipokea. Bado nafuatilia.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia kwa ajili ya kaka yake na kwa ajili ya miezi ile ya baadaye.

Binti yangu sasa ana miaka saba, nywele zimerudi nyeusi na nzito kuliko za awali. Mwanasesere wa dripu alimwachia mtoto mwingine kitanda cha dirishani.

Ile karatasi uliyopewa, ikunjue leo. Ukifika dawatini omba kwanza ukurasa wa homa na kadi ya mlangoni, na kabla hujainuka, wape jina la mtoto mwingine aliyebaki nyumbani, waliandike kwenye faili.