StrongLifts 5x5 au 5/3/1? Uzoefu wangu wa kupiga vyuma Mtwara

Nimetumia mipango yote miwili hapa Mtwara mjini: StrongLifts 5x5, ambao ni wa wanaoanza, na 5/3/1 wa Mmarekani Jim Wendler, ambao wengi hapa jimu wanauita mpango wa wakubwa. Naandika kwa sababu naona vijana wanaurukia wa pili wakati wa kwanza ungali unawalipa vizuri, na inaniuma kweli.

StrongLifts ni siku tatu kwa wiki, na mazoezi ni ya kupokezana. Leo unapiga skwoti (kuchuchumaa na kusimama ukiwa na chuma mabegani), benchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali), na kuvuta chuma tumboni ukiwa umeinama. Siku ya mazoezi inayofuata ni skwoti tena, kusukuma chuma juu ya kichwa ukiwa umesimama, na dedilifti, yaani kuinua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima. Kila zoezi ni seti tano za marudio matano, yaani unanyanyua mara tano mfululizo, unapumzika, kisha unarudia hadi zifike tano, ila dedilifti ni seti moja tu kwa sababu inachosha mwili mzima. Ukizimaliza zote sawasawa, safari ijayo unaongeza kilo 2.5, na kwenye dedilifti kilo 5. Programu ya simu inakutunzia kumbukumbu na kukuhesabia muda wa kupumzika. Kuipakua ni bure, vya ziada ndivyo vinavyolipiwa.

Sasa piga hesabu. Skwoti ikipanda kilo 2.5 mara tatu kwa wiki, ni kilo 7.5, karibu kilo 30 kwa mwezi kama mwili unaendelea kukubali. Mpango wa 5/3/1 unaongeza skwoti kilo 5 kwa mzunguko mzima wa wiki nne. Kijana ambaye mwili wake ungekubali kupanda kila baada ya siku mbili, kwa nini asubiri mwezi?

Shida kubwa niliyokutana nayo kwenye StrongLifts ni visahani, vile vyuma vya duara vya kuongezea uzito. Jimu ninayokwenda, sahani ndogo kabisa ni ya kilo 2.5, na lazima uweke mbili, moja kila upande. Kwa hiyo hatua yako ndogo kabisa ni kilo 5. Kwenye skwoti unaweza kuvumilia kwa muda, lakini kwenye kusukuma juu, hasa kwa sisi wanawake, kilo 5 kwa mkupuo ni nyingi mno. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akanikatia vipande viwili vya chuma cha bapa na kuvitoboa katikati. Tukavipeleka kwenye mizani ya duka la jirani. Kimoja kilizidi, fundi akarudi nacho kwenye grainda, akakisaga kidogo kidogo, tukapima tena mpaka mshale ukatulia kilo moja na robo. Vinakaa kwenye mkoba wangu pamoja na kanga ya kufutia jasho, na hakuna pesa niliyotumia kwenye mazoezi haya iliyonifaa kuliko ile. Chuma kirefu cha kushikia nacho kipimeni, kwa sababu vingi vimetengenezwa na mafundi wetu na si lazima viwe na kilo 20 kama programu inavyodhani.

Halafu kuna msimu wa korosho. Mimi ni karani wa ghala, na kuanzia Oktoba minada ikianza, kulala ni usiku wa manane na kula ni popote nilipo. Joto nalo mnalijua. Uzito ukagoma. Kaka mmoja mzoefu akaniambia, "Dada, umeshayamaliza ya wanaoanza, hamia huku." Sikuhamia. Mpango wenyewe unasema ukishindwa uzito uleule mara tatu mfululizo, punguza asilimia 10 kisha panda upya. Nikapunguza. Msimu ulipolegea nikarudi kulala mapema, nikala mbaazi za nazi, mayai na samaki wa feri, na kati ya seti nzito nikapumzika dakika nne hadi tano, hata kama kuna watu wanasubiri chuma. Uzito ukapanda tena hadi ukapita pale ulipokuwa umegoma.

Ndiyo maana sikubali mtu kupimwa kwa miaka aliyokaa jimu au kwa ukubwa wa mikono. Kinachokutoa kwenye uanafunzi ni muda ambao mwili wako unahitaji kabla ya kubeba kizito zaidi. Siku mbili tatu zikikutosha, bado ni wa mpango wa kwanza, hata kama unabeba magunia bandarini tangu ujana. Ukilala, ukala, ukawa na visahani vidogo, ukapunguza asilimia 10 zaidi ya mara moja na bado unakwama palepale, hapo hama bila wasiwasi.

Kwangu kusukuma juu kulikwama kwanza, nikakuhamishia 5/3/1 peke yake huku skwoti ikiendelea na 5x5. Hesabu zake zinahitaji daftari. Unachukua uzito mkubwa unaoweza kuunyanyua mara moja, unafanyia kazi asilimia 90 yake. Tuseme skwoti yako ni kilo 100, utahesabia 90, na wiki ya kwanza ni seti za kilo 58.5, 67.5 na 76.5, marudio matano kila moja, ila ile ya mwisho unapiga mengi kadiri unavyoweza bila kuharibu mkao wa zoezi. Wiki ya pili ni matatu matatu kwa uzito zaidi, ya tatu marudio yanashuka seti kwa seti, tano, tatu, moja, ya nne ni ya kupumzisha mwili. Mazoezi ya mikono na kifua yanaongezwa kilo 2.5 kwa mzunguko, ya miguu na dedilifti kilo 5.

Wengi wanaharibu kwenye ile asilimia 90. Wanahesabia uzito wanaoutamani, na wiki ya tatu inawatupa chini. Mimi naupenda kwa sababu msimu wa korosho hauuvurugi, maana uzito unaopangwa una nafasi ya kupumua hata nikiwa nimelala vibaya.

StrongLifts naupa nyota tano kwa mwenye visahani vidogo, tatu kwa asiye navyo. 5/3/1 nne. Mwaka huu skwoti nayo imehamia huko, dedilifti bado inapanda kilo 5 kila ninapoishika.