Farasi au kondoo: nani atutengenezee dawa ya sumu ya nyoka?

Kazi yenyewe ni ile ile. Mnyama huchomwa sumu kidogo kidogo, dozi ikipanda wiki baada ya wiki, mpaka damu yake ijae kingamwili, yaani protini za kinga zinazoikamata sumu. Kisha anatolewa damu, kingamwili zinachujwa kuwa dawa.

Farasi ndiye mkongwe wa kazi hii, tangu miaka ya 1890. Sababu kubwa ni mwili wake: mara moja anaweza kutoa lita kadhaa za damu. Viwanda vingi huchukua ule utegili tu, yaani majimaji ya manjano ya damu, seli nyekundu wakamrudishia mshipani, naye akapona upesi. Kasoro yake? Protini za farasi humshtua mgonjwa: vipele, homa, pumzi kubana, ndiyo maana daktari huweka adrenalini karibu. Kuzikata kingamwili kwa kimeng'enya cha pepsini hupunguza balaa hilo, ila hakuliondoi kabisa.

Kondoo ni mpole, rahisi kumfuga, ila damu yake ni kidogo, hivyo unahitaji kundi zima. Dawa ya CroFab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, hutokana na kondoo wa Australia. Vipande vyake vya kingamwili ni vidogo mno. Hupenya haraka, lakini figo huvitoa haraka vilevile, na sumu huweza kuanza upya kusumbua. Mgonjwa huongezewa dozi.

Mimi, kwa nchi yenye wagonjwa wengi na fedha chache, ningechagua farasi.